Elimu Bila Ada si Elimu Bila Mzazi: Malezi ya Wavulana wa Sekondari katika Ukanda wa Dhahabu

(Mada iliyotolewa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika)





Nawashukuru Wazee wa Usharika kwa kunipa nafasi hii. Waliotangulia kuzungumza wametueleza jinsi nyumba hii ya ibada ilivyojengwa, nani walibeba mawe na nani walitoa ng'ombe. Mimi nimeombwa niseme juu ya nyumba nyingine ambayo wengi wetu tuna watoto ndani yake, yaani shule ya sekondari ya wavulana. Jinsi vijana wanavyoishi humo kama jumuiya, na jinsi familia zinavyowategemeza au zinavyoshindwa kuwategemeza. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimefundisha wavulana katika kanda hii, toka Shinyanga hadi upande wa Geita. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona, pamoja na yale yaliyo wazi kwa kila mtu.

Neno langu kwenu ni moja. Kijana wa kiume hubaki shuleni pale anapokuwa na watu wake, na huondoka pale anapobaki peke yake. Tumezoea kusema kwamba dhahabu ndiyo inayowachukua vijana wetu. Mimi nasema dhahabu humwokota yule ambaye tayari ameachwa.

Tuanze na mahali tulipotoka. Katika Usukuma wa zamani kijana hakulelewa na baba na mama peke yao. Alipofikia umri wa kushika jembe aliingia katika elika, kikundi cha vijana wa kijiji kilichoongozwa na nsumba ntale. Walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, kwa ngoma na nyimbo. Aliyechelewa alionywa na wenzake kabla baba yake hajapata habari. Aliyeugua alilimiwa. Wazee wetu hawakuliita jambo hilo elimu, lakini lilikuwa elimu: kijana alijua kwamba asipoonekana, yupo mtu atakayeuliza.

Kisha zikaja shule za sekondari, nazo zilikuwa chache sana. Kwa miaka mingi kijana wa upande huu aliyefaulu alipanda treni kwenda Tabora, shule ile ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere alijiunga nayo mwaka 1937. Baadaye majina kama Bwiru na Nsumba, kule Mwanza, yakawa yanatajwa kwa heshima katika kila nyumba yenye mtoto wa kiume darasani. Shule hizo zilikuwa za bweni. Bila ya mtu yeyote kutangaza, bweni likachukua nafasi ya elika.

Wako humu baba zangu na kaka zangu waliopita katika maisha hayo, nao watakumbuka. Kengele ya alfajiri, zamu ya kuchota maji na kufagia uwanja, paredi mbele ya bendera, kiranja wa bweni anayejua kila kitanda ni cha nani. Ugali na maharage vililiwa na mtoto wa mtemi na mtoto wa mchunga ng'ombe kutoka sufuria moja. Kijana wa Kidato cha Tatu alimfundisha hesabu yule wa Kidato cha Kwanza jioni kwenye taa, na kwa malipo alifuliwa shati. Baada ya Mwalimu kutoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shamba la shule likawa sehemu ya ratiba, na wavulana walilima mahindi waliyoyala wenyewe. Jumapili kulikuwa na ibada, na vijana wetu wa Kilutheri, pamoja na wenzao wa makanisa mengine ya Kiprotestanti, walikutana katika UKWATA, wakaimba, wakasoma Neno, wakachagua viongozi wao wenyewe. Wazee wa Kanisa wengi wa leo walijifunza kuongoza kikao katika UKWATA kabla hawajakaa katika Baraza la Wazee.

Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mepesi. Viboko vilikuwepo, njaa ilikuwepo mwishoni mwa muhula, na wakubwa waliwaonea wadogo. Lakini ninasisitiza jambo moja: mvulana asiyeonekana mezani saa ya chakula alitafutwa usiku ule ule.

Sasa tutazame kilichobadilika. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini, na Kanisa letu lilikabidhi shule zake, Ilboru ikiwa mfano unaojulikana sana. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliazimia kila mtoto apate elimu ya msingi, nayo ikaanza kutekelezwa kwa wote mwaka 1977. Watoto wakajaa katika shule za msingi, lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba kwa miaka mingi. Ndipo ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, na wananchi wakaitwa kujenga sekondari katika kila kata. Tulifyatua matofali, tukasomba mchanga na maji, kina mama wakabeba ndoo vichwani. Upande wa Shinyanga viko vijiji vilivyotumia mapato ya ngitili, ile misitu na malisho ya akiba ambayo wazee walituachia na ambayo mpango wa HASHI uliihuisha kuanzia mwaka 1986, ili kujenga madarasa na nyumba za walimu. Hiyo ni sifa ya kudumu kwa watu wa mkoa huu.

Matunda yake ni makubwa. Mtoto wa maskini ambaye zamani angeishia darasa la saba, leo anavaa sare ya sekondari. Hata hivyo, shule nyingi za kata ni za kutwa. Tulijenga darasa, hatukujenga bweni. Kata zetu ni pana. Kijana anaweza kutembea saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, na mvua za masika zikinyesha mto unamzuia. Familia ikiona hivyo humpangishia chumba karibu na shule, yeye na wenzake wawili au watatu. Vijana wenyewe chumba hicho hukiita geto. Humo ndani hakuna kiranja, hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu. Jiko ni la mkaa, na unga ukiisha siku ya Jumatano, Alhamisi mtu halali kwa njaa. Mvulana wa miaka kumi na mitano amekuwa baba wa nyumba yake mwenyewe.

Tena kuanzia Januari mwaka 2016 Serikali iliondoa ada katika shule za umma mpaka Kidato cha Nne. Ada ile ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Ni jambo jema, na tumelishukuru. Lakini neno lile, elimu bila malipo, wengi walilisikia nusu. Waraka wa Serikali wa mwaka huo ulimwachia mzazi wajibu ulio wazi: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa, matibabu, nauli, na kwa mwanafunzi wa bweni godoro na shuka zake. Nimehudhuria vikao vya wazazi ambamo mtu husimama na kusema, "Mtoto ni wa Serikali sasa." Ndugu zangu, Serikali hailali na mtoto wako katika chumba kile cha kupanga. Elimu bila ada si elimu bila mzazi.

Nafika sasa kwenye dhahabu, maana hatuwezi kuzungumza juu ya wavulana wa ukanda huu tukaikwepa. Dhahabu si jambo la jana hapa. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo wako wachimbaji wadogo, kuanzia Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu huko Geita hadi Mwakitolyo huku Shinyanga. Ni kazi halali kwa mtu mzima mwenye leseni, na washarika wetu wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Siwalaumu.

Ninachotaka mkione ni njia ambayo kijana wa shule huipitia, kwa kuwa haianzi ndani ya duara. Huanzia tumboni. Unga umekwisha, rafiki yake anamwambia kwamba Jumamosi watu wanaokota mawe ya magwangala, au kwamba kule kwenye karasha wanahitaji mtu wa kusomba mifuko. Anakwenda siku moja, anarudi na fedha ya chakula cha juma zima. Jumamosi inayofuata anakwenda tena. Kisha Ijumaa. Kule kwenye mwalo anafundishwa kuosha mchanga na kukamata dhahabu kwa zebaki, anaifinyanga kwa mikono mitupu, halafu anaichoma juu ya moto na kuvuta ule moshi, moshi ambao huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa mtu ambaye mwili wake bado unakua. Ikifika wakati wa mtihani wa Kidato cha Pili, yeye amekuwa mgeni darasani. Mwalimu anaandika "mtoro" katika rejista, na baada ya siku kadhaa jina linakatwa kwa kalamu nyekundu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto katika kazi za hatari, na machimbo yametajwa humo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini mwetu, Geita na Kahama zikiwamo, nalo lilikuta watoto hata wa miaka minane. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hatukuambiwa.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lipite kimya. Tumejifunza, na ni haki kabisa, kumlilia mtoto wa kike. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Takwimu hiyo ilitutia aibu, na kazi iliyofanyika tangu wakati huo lazima iendelee. Msichana akiacha shule kwa kuozwa, jamii inaona kwamba ameharibiwa. Mvulana akiacha shule na kwenda machimboni, jamii husema amekuwa mwanamume. Akirudi na pikipiki, anapigiwa vigelegele. Asiporudi, husemwa kwamba yuko anatafuta maisha. Upotevu wa mvulana unavaa nguo za mafanikio, na ndiyo maana hatuuoni.

Wapendwa, nitasema pia lililo gumu zaidi. Zipo nyumba ambazo fedha ya kijana yule ndiyo inayonunua unga wa mama yake na wadogo zake. Baba aliondoka kufuata rashi ya dhahabu mahali pengine na hajatuma neno. Mama anauza maandazi kandokando ya barabara. Ukimwendea mama huyo na kumwambia amrudishe mwanawe shuleni, unamwambia apunguze sahani mezani. Hatuna haki ya kumwambia hivyo kama hatukubeba kitu mkononi. Na sisi Usharika tujiulize pia: bahasha za sadaka zinapofunguliwa, nasi tunafurahi kwamba mavuno ni mazuri mwaka huu, je, tunajua ni mikono ya nani iliyoosha mchanga ule? Sisemi tuikatae sadaka. Nasema sehemu yake imrudie kijana yule.

Tufanye nini basi? Nimeona mambo yanayosaidia, nayo si mageni. Ni yale yale ya elika na ya bweni, yakiwekwa katika mazingira ya leo.

La kwanza ni chakula. Katika shule nilizozifahamu, pale wazazi walipokubaliana kuleta mahindi na maharage baada ya mavuno, kila mmoja kwa debe alilopangiwa, na wakachagua wenzao wa kusimamia stoo, wavulana walibaki darasani hadi saa za jioni. Pale makubaliano yalipovunjika, madawati ya nyuma yalikuwa wazi kuanzia mchana. Debe la mahindi ni kitu kidogo kwa mkulima mwezi wa Juni, na ni kitu kikubwa kwa mtoto mwezi wa Februari. Mzazi asiye na shamba afikiriwe na Usharika, naye asitajwe kwa jina mbele ya watu.

La pili ni malazi. Hatuwezi kujenga mabweni yote mara moja, lakini nyumba za washarika zipo. Vijana watatu waliopanga chumba mtaani wanahitaji mtu mzima mmoja jirani, baba au mama wa Usharika, anayepita jioni kuuliza kama wamekula na kama wamewasha taa wakasoma. Jumuiya zetu zimegawanywa mtaa kwa mtaa. Kila jumuiya ikijua vyumba vya wanafunzi vilivyomo katika eneo lake, tumekwisha kujenga bweni bila tofali. Na Dayosisi ikipata uwezo wa kujenga hosteli, isisahau kumweka ndani yake mlezi. Hosteli isiyo na mlezi ni geto lenye ukuta mrefu.

La tatu ni uso wa mzazi. Tangu mwaka 2008 tumeweza kutuma fedha kwa simu, nayo ni baraka kubwa kwa aliye mbali. Lakini imetuzoesha vibaya. Mzazi anaweza kumsomesha mtoto muhula mzima kwa vidole vyake na asikanyage shuleni hata siku moja. Mwalimu hamjui, mtoto naye analijua hilo, na kijana mwenye akili huona upesi kwamba watu wazima wanaomwangalia hawazungumzi wao kwa wao. Baba anayefika shuleni, akasalimiana na mwalimu wa darasa, akaomba kuona daftari la hesabu, hata kama yeye mwenyewe hakusoma, ameweka mlango kati ya mwanawe na machimbo. Nimewaona wavulana wakubwa, wenye ndevu zinazoanza kuota, wakisimama wima kwa siku nzima kwa sababu tu baba alikuja na kanzu yake ya Jumapili akakaa dakika ishirini chini ya mwembe. Na kwa yule asiye na baba, Wazee wa Kanisa, hiyo ni kazi yenu. Mkono mmoja haulei mwana.

La nne, na la mwisho, ni kumfuata aliyeondoka. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2 unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi shuleni. Habari zake zilisikika zaidi kwa upande wa wasichana waliopata ujauzito, na ni sawa. Lakini waraka ule unamhusu pia mvulana aliyekwenda machimboni. Wengi wao hawajui. Wengine wanajua, ila wanaona aibu kuketi na watoto waliowazidi umri. Barua haitawarudisha. Anahitajika mtu wa kwenda hadi kule kwenye mwalo, kumwita kijana kwa jina lake, kuketi naye juu ya mfuko wa mawe na kumwambia kwamba nafasi yake ipo, na kwamba chakula cha mama yake kimefikiriwa. Kama hataki darasa la kawaida, zipo njia nyingine za kumalizia masomo nje ya mfumo rasmi, na upo ufundi. Kisichokubalika ni kwamba jina lilikatwa kwa kalamu nyekundu na hakuna aliyeuliza.

Nawaombeni, Wazee wa Usharika, katika kitabu hiki cha kumbukumbu mnachokiandaa, pamoja na majina ya waanzilishi, wachungaji na wafadhili, mwagizeni katibu afungue daftari jingine ambalo halitachapishwa. Liwe na majina ya wavulana wote wa sekondari wa Usharika huu, mahali wanapolala, na jina la mtu mzima mmoja aliyekubali kuulizwa habari za kila mmoja wao. Kila robo mwaka daftari hilo lisomwe katika Baraza la Wazee kama tunavyosoma hesabu za fedha. Jina likikosa mtu, kikao kisifungwe mpaka mmoja anyoshe mkono.

Baba Askofu, shule za wavulana wa upande huu hazijawahi kukosa wavulana wenye akili. Zimekosa watu wa kuwauliza habari zao. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka mbali, wala haingoji mwaka ujao wa fedha. Robo ya kwanza inaanza Januari, na shule zinafunguliwa mwezi huo huo.